Kura ya Robine

Kwa miaka miwili nilikuwa mtu mbaya, na kwa ubaya huo nilisifiwa. Naanza hivyo ili msomaji asije akanionea huruma mapema. Sisi watu wa Bukavu tunapenda kusimulia vituko vya wazungu wa miradi, na mimi nimewachekesha wengi mezani kwa vituko hivyo. Lakini haya ninayoyaandika hayakufanywa na mgeni. Niliyafanya mimi, kwa Kiswahili, kwa sauti ya upole, nikiwa nimekalia kiti cha mwanamke ambaye nyumbani kwake kulikuwa na kiti kimoja tu.

Nilikuwa msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha mjini. Nilifundisha siasa kwa wanafunzi waliobanana watatu watatu kwenye dawati moja, na nilikuwa na kiu ya kwenda kusoma zaidi Ulaya, kiu ambayo niliificha vibaya. Ndipo akaja profesa kutoka huko na utafiti wake. Alitaka kulinganisha nchi tatu: je, watu humwamini zaidi kiongozi mdogo waliyemchagua wenyewe, au yule aliyewekwa kutoka juu? Katika zile nchi mbili nyingine viongozi wa mitaa hupigiwa kura. Kwetu, kama kila mtu anavyojua, hakuna aliyewahi kumpigia kura chefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa. Huwekwa, naye hukaa mpaka afe au agombane na aliyemweka. Kwa profesa hiyo ilikuwa bahati kubwa. Alisema kwetu ni kama ukurasa mweupe, nami nikatikisa kichwa kana kwamba nimesifiwa.

Tulichagua avenyu mbili za Kadutu. Tunaziita avenyu hata zile ambazo ni ngazi za udongo zinazopanda mlima. Hizi mbili zilitazamana, moja upande huu wa bonde na nyingine ng'ambo, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhakikisha zinafanana. Nilipanda na kushuka wiki nzima nikihesabu nyumba, makanisa, hatua za kufika majini, hata nyumba zinazoongozwa na wajane. Zilifanana kama ndugu. Kila moja ilikuwa na robine moja, bomba la maji la watu wote, kila robine ilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulilala nyumbani kwa chefu, ambaye alifungua alipojisikia. Katika avenyu moja tungeandaa uchaguzi, kura ya siri, ili watu wamchague wa kushika ufunguo. Ile nyingine tungeiacha kama ilivyo. Baada ya mwaka tungeuliza pande zote mbili maswali yaleyale na kuona tofauti.

Ipi ipate kura? Profesa alisema lazima iwe bahati nasibu, la sivyo sayansi yote inaharibika. Aliandika vikaratasi viwili, akavikunja, akavitia ndani ya kofia yake, akaniambia nitoe kimoja mimi, ili mtu asije akasema yeye ndiye aliyechagua. Tulikuwa barazani kwenye nyumba aliyopanga Nyalukemba, ziwa liko chini yetu, chai inapoa. Nilitia mkono kofiani. Naukumbuka mkono huo vizuri kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimepaka kucha rangi mpya, na nilipokuwa nikikunjua kikaratasi nilikuwa nikizitazama kucha.

Katika avenyu iliyotoka kofiani, ile ya upande huu, kumpata mgombea kulikuwa shida. Chefu alimsimamisha mpwa wake mara moja, kijana mpole asiye na neno. Wa pili akakosekana. Kila mwanaume niliyemwendea alishikwa na kichwa. Mmoja alisema kinamuuma tangu juzi, mwingine kinamuuma kila ikifika msimu wa mvua. Niliwacheka moyoni, nikawaona waoga. Walikuwa wameelewa haraka kuliko profesa kwamba kushika ufunguo ule ni kumnyang'anya mtu, na kwamba mtu huyo atabaki pale sisi tukishaondoka.

Wote, hata wenye vichwa vinavyouma, walinitajia mtu mmoja. Alikuwa mjane wa makamo, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kadutu, mwenye mdomo. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni na bidoni zake za maji, na chefu alipotokea amechelewa, na macho bado yana usingizi, yule mama alimwambia mbele ya watu wote anavyomwona. Mara nyingine watu walikuja majini kwa ajili ya kumsikia tu. Walisema akisimama, tunampa.

Nilikwenda kwake. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, vyumba viwili chini ya bati, imeng'ang'ania mteremko juu kabisa ya avenyu. Mumewe aliijenga kwa mikono yake kabla hajafa. Haikuwa na karatasi yoyote. Kwenye miteremko ile karatasi ya nyumba ni kinywa cha chefu: ugomvi ukitokea, anaitwa, anasema nyumba hii ninaijua kuwa ya fulani, na maneno yanaishia hapo. Mdogo wa marehemu alikuwa ameshakuja mara mbili tangu mazishi, akipima kuta kwa hatua. Mara zote mbili chefu alisema nyumba ni ya mjane. Hakuwa akimpenda yule mama na mdomo wake, lakini alisema kweli, labda kwa sababu hakuwa bado amepata sababu ya kusema vingine.

Alinipa kiti chake, yeye akakaa juu ya bidoni.

"Mutoto yangu," aliniambia, "mi nagombanaka na chef kila asubui, ile haina mambo. Ni kinywa tu. Lakini kama namunyanganya fungulo ya robine, pale njo vita. Na hii nyumba, kesho nani atanisemea?"

"Maman, itakuwa kura. Ukichaguliwa na batu, hawezi kukugusa."

"Na ninyi mutakuwa wapi?"

"Tutakuwa nyuma yako."

"Mpaka wakati gani?"

"Proje haitakuacha, maman."

Nilijua proje, yaani mradi wetu, ingemwacha lini. Tarehe ilikuwa kwenye mkataba wangu, ukurasa wa pili, na nilikuwa nimetia saini chini yake. Wengine huongopa kwa ajili ya mapenzi au kwa ajili ya njaa. Mimi niliongopa kwa ajili ya ratiba, kwa sababu siku hiyo ilikuwa alhamisi, kura ilikuwa jumapili, na profesa alikuwa ameshaniandikia mara mbili kuuliza kama mgombea wa pili amepatikana. Ili kumtia moyo nikamwambia na habari za avenyu ya ng'ambo, kwamba nao wana robine kama yao, wana wajane kama yeye, na kwamba wao hawakupata bahati ya kura. Akafikiri kidogo, akasema basi yeye atasimama kwa niaba ya wote wawili, yeye na mjane wa ng'ambo. Alicheka aliposema hivyo.

Sasa wino. Hili ndilo jambo ambalo mtu asiyetujua hawezi kulielewa. Jumamosi tulikutanisha watu kuwaeleza namna ya kupiga kura, na baba mmoja akainuka akauliza: "Kura gani hii haina wino?" Wote wakaguna. Kila serikali ilipowaita kupiga kura waliondoka na kidole cheusi, na kidole hicho walikizungusha mjini siku nzima. Kura bila wino kwao ilikuwa mchezo wa watoto. Profesa alisema wino wa nini, avenyu yenyewe watu wanajuana, orodha moja inatosha. Nikamwambia aniachie mimi, mimi ndiye ninayewajua watu wangu.

Nilinunua wino wa mihuri, nikaumimina kwenye kichupa kidogo. Nilichukua ndoo ya bluu yenye kifuniko, nikaitoboa mpasuo juu. Kwenye karatasi za kura nilichora jembe kwa ajili ya mpwa wa chefu na samaki kwa ajili ya yule mama, na kila karatasi nikaipiga muhuri wa mviringo wa utafiti wetu. Kutoka mbali muhuri ule ungeweza kuwa wa mtu yeyote mkubwa. Nililala nimeridhika nao.

Jumapili walikuja wametoka misa, wamevaa vikwembe vizuri vya kitenge na mashati yaliyopigwa pasi. Walipiga foleni ambayo sijawahi kuiona pale majini. Kila aliyemaliza alinyoosha kidole juu na kuwaonyesha wenzake. Nilikuwa nimekaa kando ya kichupa changu nikichovya vidole kimoja kimoja, na ikafika zamu ya chefu. Alikuja bila kofia. Alichovya, halafu akasimama pembeni akikitazama kidole chake kwa muda mrefu, na nilipomwangalia usoni nikaelewa kwamba ameamini. Alidhani ni serikali iliyotutuma. Mzee yule alikuwa akiogopa. Ningeweza kumwambia kwa maneno machache tu kwamba huu ni utafiti. Sikumwambia, na nitakiri kwamba nilifurahi kumwona anaogopa.

Samaki alilishinda jembe vibaya sana. Chefu alitoa ufunguo mfukoni mbele ya watu wote, akamkabidhi yule mama kwa mikono miwili, akasema: "Serkali imesema, mi siko na neno." Profesa aliniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema wananchi wameamua. Profesa akapiga makofi.

Yakafuata maji. Sijui niseme nini kuhusu miezi ile isipokuwa kwamba yule mama aliifanya kazi vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akishika madaraka, na nimesoma habari za wengi. Alfajiri kulipoanza kuonekana njia, kufuli lilikuwa limeshafunguliwa. Wenye watoto mgongoni walichota kwanza. Vikongwe waliletewa ubao wa kukalia. Zamu aliziandika ukutani kwa mkaa, na aliyeruka zamu alisikia habari zake mpaka jioni. Kila mwezi nilifika na dodoso langu, naye kila mara akanipa kile kiti na kuwaambia waliopita: "Huyu njo mutoto yangu wa kura." Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba, chini ya nguo, upande wa rozari.

Siku moja aliniambia shemeji yake amekuja tena kupima kuta, na chefu amemfukuza hata kabla hajafika mlangoni.

"Unaona? Wino inamuogopesha," alisema.

Nilicheka naye. Kicheko changu kilikuwa na baridi ndani yake, lakini nilikuwa na nyumba nyingine za kumaliza siku ile, nikaaga.

Mambo yaliharibika kwa njia ya kawaida kabisa. Chefu alipanda ofisini kwa wakubwa wake kupeleka orodha ya wakazi wapya. Akiwa huko akauliza, kwa adabu, ni lini yule mama wa robine aliyechaguliwa ataletewa muhuri wake. Wakamuuliza uchaguzi gani. Akawaeleza: ndoo, karatasi, wino. Vijana wa ofisini walicheka mpaka wakaitana waje wasikie. Nimemfikiria mara nyingi yule mzee akishuka mlima siku ile. Miezi yote alikuwa ameona haya mbele ya wino wa mihuri nilioununua mimi sokoni. Angekuja kunitukana ningemwelewa. Hakuja kwangu. Alikwenda kumtafuta shemeji wa mjane.

Baada ya siku chache yule mama alinifuata chuoni. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha jumapili, na harufu ya sambaza ilikuwa imebaki ndani yake kidogo, kwa hiyo wanafunzi waligeuka kumtazama. Nilimtoa nje haraka, chini ya ukingo wa paa, kana kwamba nimefumaniwa. Ufunguo haukuwa tena shingoni. Alinieleza kwamba jumamosi kuna kikao cha avenyu juu ya nyumba yake. Chefu anasema kwamba ufunguo uliibwa kwa ujanja, na mwanamke anayeweza kudanganya watu kwa jina la serikali anaweza pia kudanganya kwamba nyumba ni yake.

"Siombi ata franga," alisema. "Fanya karatasi tu. Andika kama batu balinichagua, haikuwa uongo yangu. Jina yangu na muhuri. Njo hiyo tu."

Nilianza kumweleza siri ya utafiti. Nilimwambia majina hayaandikwi, kila mtu ana namba, ndivyo tulivyoapa.

"Maman, ni kwa kukulinda weye."

"Kunilinda na nani?"

Alikuwa akinitazama tu, na kwa mara ya kwanza hakuniita mutoto yake.

Ukweli wa siku ile ni huu. Karatasi ile ningeweza kuiandika kwa muda wa kunywa chai. Muhuri ulikuwa kwenye droo yangu. Lakini ningeandika pia, kwa mkono wangu, kwamba tuliendesha kitu kilichofanana na uchaguzi bila wakubwa kujua, na kwamba niliwaacha watu waamini ni wa serikali kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na inapendeza. Utafiti ungefungwa. Na profesa alikuwa ameniahidi nafasi ya masomo kwake. Niliweka nyumba ya yule mama upande mmoja na nafasi yangu upande mwingine, na sitasema kwamba nilikesha nikipima. Niliamua palepale, wakati bado anaongea. Nilimwandikia profesa jioni hiyo kwa ajili ya kutimiza wajibu. Alijibu kwamba anasikitika sana, lakini tukiingilia kati tutachafua matokeo. Nilishusha pumzi kama mtu aliyeambiwa hana ugonjwa.

Lakini kwa mdomo nilikuwa nimemwambia yule mama kwamba jumamosi nitafika mwenyewe kumsemea. Jumamosi ilipofika nilishikwa na kichwa.

Nilisimuliwa baadaye. Walikuwepo wote, kaya kwa kaya, walewale wa jumapili ile. Chefu alisimama akasema: "Hii nyumba naijua ni ya marehemu, na marehemu alikuwa na ndugu." Hakusema zaidi ya hapo. Yule mama aliwageukia majirani mmoja mmoja, akiwauliza kama wao hawakumchagua, kama vidole vyao havikuwa vyeusi. Waliangalia chini. Nyumba zao nazo hazikuwa na karatasi. Aliposhuka avenyu na mizigo yake, mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye ngazi zile za udongo hakuna aliyetoka kumshikia hata sufuria. Nawachukia kwa hilo, nami ndiye niliyewatangulia kuugua kichwa.

Mwaka ulipotimia tulirudi kuuliza maswali ya mwisho. Sheria ya kazi ilikuwa kurudi kwenye nyumba zilezile. Ningeweza kumtuma mwingine kwenye ile nyumba ya juu. Nilikwenda mwenyewe, na si kwa ushujaa. Nilitaka tu kuona kama nitaweza, na niliweza. Shemeji alinifungulia. Kiti kilikuwa palepale, na juu yake alikaa chefu, amepandisha mguu mmoja juu ya mwingine, maana siku hizo alifika pale kila siku. Pembeni ile ndoo yangu ya bluu, niliyomwachia yule mama baada ya kura, ilikuwa imejaa maji, na mpasuo wa kura bado uko kwenye kifuniko.

Dodoso lilikuwa na kisanduku kwa mtu asiyepatikana. Moja: amekataa. Mbili: hayupo leo. Tatu: amehama. Niliandika tatu. Sheria inayofuata ilisema aliyehama abadilishwe na anayeishi pale sasa, kwa hiyo nilimgeukia shemeji nikamsomea maswali yote, mbele ya chefu, kwa sauti ileile ya upole.

"Papa, unamuaminia chef wa avenyu yako? Sana, kidogo, ao hapana?"

"Sana," alisema chefu.

"Sana," alisema shemeji.

Nikaandika sana. Nilishuka avenyu ile nyumba kwa nyumba, na kila mlango ulinipa neno hilohilo kabla sijamaliza swali. Ng'ambo ya bonde, ambako hatukufanya kitu, watu walilalamika kwa raha zao. Chefu wao mvivu, kufuli lao limeota kutu, wanamwaminia kidogo, wengine hapana kabisa, na mmoja alimtukana huku chefu mwenyewe akipita nyuma yake, na chefu akamrudishia tusi na kuendelea na njia yake.

Basi hesabu zikasema kile zilichosema. Palipopigwa kura, hata kura moja ndogo ya robine, watu wanamwamini kiongozi wao kuliko mahali ambapo haikupigwa. Profesa alinipigia simu akiwa na furaha ya mtoto. Alisema Bukavu imetoa jibu lililo wazi kuliko zile nchi mbili nyingine. Aliuliza jambo dogo tu: ile kaya moja iliyohama ilihama kwa nini? Nikasema sababu za kifamilia. Akaliweka hilo kwenye maelezo madogo chini ya ukurasa, na makala ikatoka, na jina langu limo, la tatu. La yule mama halimo, kwa kuwa tuliapa kumlinda.

Nafasi yangu niliipata. Nilikwenda, nikasoma, nikarudi. Mjini kwetu mengi yamebadilika tangu hapo, hata wanaopiga mihuri si walewale, na hayo yana wasimulizi wake. Mimi nilirudi na digrii na tabia ya kukwepa upande mmoja wa soko la Kadutu. Nilinunua samaki kwa bei mbaya kwingine kwa muda mrefu, mpaka asubuhi moja matope yalipofunga njia ya juu na watu wakanisukuma mpaka mbele ya meza yake kabla sijajua niko wapi.

Alikuwa amekonda. Kijumba alichopanga, nilikuwa nimeshasikia, kiko mbali, na huja sokoni kwa miguu. Hakushtuka kuniona. Aliniuliza kama anavyomuuliza kila mteja:

"Ya kukauka ao mubichi?"

"Ya kukauka, maman."

Alijaza kopo mpaka likawa na kilima, akalimimina ndani ya mfuko, halafu akaongeza kiganja kizima cha nyongeza, kama sheria ya soko inavyotaka. Sikustahili ile nyongeza, na nilitamani asinipe. Alipokuwa akifunga mfuko aliongea bila kuinua macho.

"Ile avenyu ya ngambo. Ile hamukupigishaka kura. Beko namna gani?"

"Beko salama, maman."

"Robine yabo iko na nani?"

"Na chef yabo."

"Uliniambiaka kule nako kuko mujane."

"Iko."

"Iko mu nyumba yake?"

Nilikuwa nimepita pale mwezi uliotangulia. Nilikuwa nimemwona amekaa mlangoni akichambua maharagwe, akimsema chefu kwa sauti kubwa.

"Iko mu nyumba yake," nilisema.

Yule mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa na jibu tayari na aliyetaka tu kulisikia kwa mwingine. Akakaza fundo la mfuko, akanipa. Dodoso letu lilikuwa na kurasa kumi na moja, na swali lake hilo la mwisho halikuwamo. Nyuma yangu mwanamke mmoja aliuliza kama sambaza za leo zina mchanga, naye akamgeukia kumjibu.